Kuzuga na kudanganya si kitu kimoja

Ndugu, umeuliza kama kuzuga ni kudanganya tu. Hapana. Mwongo anakupa habari ya uongo. Anayekuzuga anayahamisha macho yako. Mimi niliibiwa simu hivyo kituoni: jamaa kaangusha sarafu mlangoni mwa daladala, kainama kuziokota, sote tukatazama chini, mwenzake akaingiza mkono mfukoni mwangu. Hakuna aliyetamka neno!

Vitani ndiyo kabisa. Mwaka 1944 Waingereza na Wamarekani walibuni jeshi zima la uongo kusini-mashariki mwa Uingereza, likiwa na vifaru vya mpira na jina la Jenerali Patton, kamanda maarufu wa Marekani, ili Wajerumani wakodolee macho Calais, mji wa pwani ya Ufaransa. Juni 6 Waingereza na Wamarekani wakashukia Normandy, sehemu nyingine ya pwani hiyo. Hata baada ya hapo, wiki kadhaa, Wajerumani walibakiza vikosi vikubwa Calais wakisubiri.