Kijumba cha zege shambani: kipigwe plasta?

SWALI: Shamba letu la Njoro lina kijumba cha zege chenye matundu membamba ukutani. Wazee husema ni cha wakati wa vita. Zege linabanduka, nondo zinaonekana, na fundi anataka kukipiga plasta ya simiti. Tukubali? Je, serikali yaweza kukilinda, jinsi Waingereza wanavyolinda baadhi ya vyao?
– Msomaji, Njoro

JIBU: Tafadhali, plasta msikubali. Kinachokibomoa ni kutu, nayo imo ndani. Zege likiwa changa huzuia nondo kushika kutu, lakini kwa miaka mingi hewa ya kaboni hupenya na kuimaliza nguvu hiyo. Maji yakifika kwenye nondo, kutu huanza. Kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, basi zege hufura, hupasuka kwa mstari unaoifuata nondo, kisha hudondoka. Plasta hufungia unyevu humo humo. Tena hufuta ushahidi: sogeeni karibu na ukuta, mtaona hata alama za nyuzi za mbao zilizoshikilia zege lilipomwagwa.

Anzeni na maji. Ondoeni udongo na majani juu ya paa, chimbeni mtaro wa kuyapeleka maji mbali na msingi. Mti uliootea kwenye ufa ukateni shina, msiung'oe, kwani mizizi itaondoka na zege. Kisha gongeni ukuta polepole kwa nyundo ndogo. Panapolia kama debe tupu, tieni chaki. Hapo fundi anayejua zege la zamani achimbe hadi nyuma ya nondo na kuisugua pande zote. Akisugua mbele tu, kutu itarudi.

Kuhusu umri, msikimbilie kusema ni Vita vya Pili. Vituo vya ulinzi vilijengwa pia wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, 1952 hadi 1960. Pimeni unene wa ukuta: Uingereza mwaka 1940, sentimita 30 hivi zilitosha kuzuia risasi, na ukuta wa kuzuia makombora ulikaribia mita 1. Je, tundu linapanuka upande mmoja? Kuna ukuta wa ndani unaoukinga mlango? Pigeni picha kila upande, futi ya kupimia ikionekana.

Vipimo, majibu na picha hizo zitieni katika faili, mkaipeleke kwenye makumbusho ya Hyrax Hill, hapo Nakuru, kwa maafisa wa Makavazi ya Kitaifa. Chini ya sheria ya mwaka 2006, Waziri hushauriana nao, kisha hutangaza jengo kuwa kumbukumbu ya kihistoria katika Gazeti Rasmi. Kikishatangazwa, hamtaruhusiwa kukibomoa wala kukibadili bila kibali, kwa hiyo familia nzima ikubaliane kabla ya faili kuondoka nyumbani.