Re: Maghorofa marefu katikati ya Mbale

Ndugu yangu, umeuliza kama maghorofa marefu yatauharibu mji wetu wa Mbale, huku mashariki mwa Uganda, au yataupendezesha. Mimi naona yataupendezesha, ila inategemea yanasimama wapi.

Simama kwenye mnara wa saa asubuhi, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku, utazame mashariki. Utaona majabali ya mlima Wanale yamesimama wima juu ya mapaa ya mabati, maji yakiteremka kama nyuzi nyeupe. Hakuna jengo litakaloshinda hapo! Kwa hiyo barabara zinazoelekea mlimani ziachwe wazi, majengo marefu yakusanywe pamoja pembeni, yapishane kwa urefu. Kampala ina vilima, ndiyo maana ghorofa refu la Workers House linaonekana toka mbali. Sisi tuko chini ya mlima, ghorofa 10 au 12 zinatosha kabisa.

Tangu tupewe hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, hofu yangu ni yale maduka ya zamani ya Wahindi. Yasibomolewe. Barazani mafundi cherehani wanashona, na mvua ikija wapita njia wote tunajibanza hapo. Jengo jipya nalo liwe na baraza chini, si ukuta wa vioo unaoanzia njiani.

Halafu ghorofa ya juu kabisa iwe wazi kwa watu, hata kama ni mgahawa tu wa chai. Ningempeleka mama yangu pale, aitazame Wanale bila paa wala waya wa umeme mbele yake.