Kodi ya kaboni unailipa ndani ya mazutu

Anayeagiza samaki wa barafu kutoka Walvis Bay, Namibia, mpaka Lubumbashi, Kongo, hapati risiti ya kodi ya kaboni, ila anailipa. Zambia inatoza magari ya nje ushuru wa moshi mpakani, kwa ukubwa wa injini. Afrika Kusini iliichomeka kwenye bei ya mafuta Juni 2019, ikianza na senti 10 za randi kwa lita ya dizeli, yaani mazutu. Ruzuku ya mafuta nayo si ya kuiwekea mahesabu: Zambia ilipoiondoa Desemba 2021, bei ya pampu ilipanda mwezi huohuo. Kwa hiyo usibishane kuhusu kodi, punguza lita.

Mwambie msafirishaji atenganishe nauli na mazutu ya mashine ya baridi. Mashine hiyo ina injini yake, inakunywa lita 2 hadi 4 kwa saa hata lori likiwa limesimama. Siku mbili za foleni Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, kwa lita 3 kwa saa, ni lita 144, yaani karibu kilo 386 za kaboni dioksidi, na lori halijasogea. Karatasi zitangulie mzigo.

Kwa samaki wa barafu, injini iwekwe kwenye kuwaka na kuzima, si kuwaka mfululizo. Kabla ya kupakia, toboa katoni moja ya katikati upime: iwe nyuzi −18 za Selsiasi. Mashine hutunza baridi, haigandishi. Samaki akipakiwa akiwa −12, injini haitapumzika njia nzima na bado atafika laini. Milango ikiwa wazi, zima mashine, la sivyo inavuta unyevu unaoganda kwenye mapezi ya mashine, yale mabati membamba ya kupozea hewa. Katoni zisivuke mstari mwekundu wa juu, hewa ipite.

Kwenye depo, adui mkubwa ni gesi ya kupozea iliyo ndani ya mashine za baridi. Kilo moja ya gesi iitwayo R-404A ikivuja inapasha dunia joto sawa na kilo 3,922 za kaboni dioksidi, kama kuchoma lita 1,460 za mazutu. Mapatano ya Kigali ya 2016 yanazipunguza gesi za namna hiyo hatua kwa hatua. Fundi anayeongeza gesi kila mara bila kutafuta tundu anakula pesa yako tu. Apake povu la sabuni kwenye maungio na vali, aanzie palipo na doa la mafuta. Tena R-404A ni mchanganyiko: ijazwe ikiwa kimiminika, kwani ikitoka kama mvuke uwiano wake unaharibika.

Friji ndogo za R-290, yaani propani, zina nafuu kubwa, ila gesi yake inashika moto. Fundi asiwashe tochi ya kuchomelea kabla haijatolewa yote, nje, penye upepo.