Eko ikishalala kwenye traki haitoki

Mwaka jana nilibeba ka-Zoom R8 kangu, kamashine kadogo ka kurekodi traki nane (kila traki inabeba sauti yake), nikaenda kurekodi kwaya, maiki mbili, stendi, waya na kadi basi. Kuna mama anaimba solo, kavaa hedifoni akaniambia "mwanangu mbona najisikia mkavu hivi kama napiga simu, niwekee eko kidogo." Mi nikaona rahisi, nikachagua efekti yenye eko nzito nikaiweka pale pale sauti inapoingilia, yani kwenye inputi. Mama akaimba mpaka mwalimu wa kwaya akafunga macho.

Nafika nyumbani naweka kinanda na besi, solo yote imezama. Maneno hayasikiki, "Bwana" imekuwa "bwaaa". Nikazima efekti, eko ipo palepale. Ndo nikaelewa, nilichorekodi si sauti ya mama, ni sauti ya mama na eko ishachanganywa ikaandikwa kwenye kadi, na chumvi ikishaingia kwenye mchuzi utaitoaje.

Sa ngoja nieleze. Efekti ina njia mbili za kukaa. Insati inakaa katikati ya bomba, sauti yote lazima ipite humo na kinachotoka upande wa pili ndo hicho hicho, huna kingine. Sendi ni tawi, sauti yenyewe inaendelea na safari yake kavu, nakala yake kidogo inachepuka kwenda kwenye eko halafu eko inarudi kujiunga kule mbele kwenye miksa. Ukiichoka unapunguza tawi, sauti haijaguswa.

Kwenye R8 insati ni moja tu, we unachagua ikae kwenye inputi, kwenye traki au kwenye masta (mchanganyiko wote wa mwisho), ila sendi zipo mbili, moja ya korasi (sauti moja inakuwa kama za wengi) au dilei (sauti inajirudia) na nyingine ya rivebu, ambayo ndo tunaita eko mtaani. Kwa hiyo insati naiachia kompresa (inayosawazisha sauti kubwa na ndogo), ikolaiza (ya besi na trebo), au gitaa la umeme linalotaka kukoroma (hilo hata likirekodiwa na efekti yake sina shida, mpigaji mwenyewe anapiga kwa kuufuata huo mkoromo). Eko zote sendi, na traki zote nane zikila rivebu moja zinasikika kama watu walikaa chumba kimoja. Ah, na projekti ukiifungua kwa 48 kHz (mara sauti inavyopimwa kwa sekunde, maelfu) insati haifanyi kazi, inataka 44.1, mi nilikesha nikidhani mashine imekufa.

Kama mashine yako ina matundu ya kutolea sendi nje na unatumia kiboksi cha eko pembeni, kiboksi kitoe eko tupu, maana sauti kavu ishapita kwenye miksa, zikikutana mbili zimepishana kidogo tu inakuwa kama mtu anaimba ndani ya pipa. Halafu ile chaneli unayorudishia eko, sendi yake iwe sifuri. Siku moja niliiacha wazi, eko ikawa inajituma inarudi inajituma tena, spika zikapiga yowe jirani akaja kugonga mlango. Na sendi iwe ya baada ya feda (kile kitufe cha kutelezesha kupandisha na kushusha sauti), ikiwa ya kabla unamshusha mwimbaji mpaka chini na eko yake inabaki inaelea kama jini.

Kiasi? Nafungua sendi mpaka eko niisikie wazi, halafu narudisha nyuma taratibu mpaka nisiisikie tena ila nikiizima naona kuna kitu kimepungua. Hapo naacha.

Yule mama nilirudi kwake na aibu zangu na soda mbili. Safari hii yeye anasikia eko kwenye hedifoni, kadi inapokea sauti kavu. Nikamweleza yote haya nikijiona mtaalamu, akanitazama akasema "sasa mwanangu, siku ile ulikuwa unarekodi nini?"