Fila ya lipsi ina miezi 4, mbona mdomo umevimba sasa hivi?

SWALI: Habari dokta. Niliweka fila ya lipsi (ile sindano ya kujaza midomo) miezi 4 iliyopita, ikavimba siku mbili tatu za mwanzo kama nilivyoambiwa, ikatulia vizuri kabisa. Sasa juzi nimeamka mdomo wa juu umejaa, umekaza, na upande mmoja kuna kinundu kinauma nikigusa. Sijala kitu kipya wala sijabadilisha lipstiki. Aliyenichoma anasema muda umepita sana haiwezi kuwa fila, nipake barafu tu. Wiki kama mbili nyuma nilikua na mafua makali, sijui kama yanahusiana. Niiyeyushe?

JIBU: Pole sana dada yangu. Huyo aliyekwambia haiwezi kuwa fila kakupotosha, na inaniuma kwa sababu watu wengi wanarudishwa nyumbani na barafu kwa maneno hayohayo. Uvimbe wa sindano yenyewe unakuja siku 1 hadi 3 za mwanzo na kwa wengi ndani ya wiki 2 umeisha, lakini kuna huu wa kuchelewa ambao unaweza kutokea baada ya wiki kadhaa, miezi, hata mwaka na zaidi, maana fila bado imo humo ndani hata kama kwa macho unaona imepungua.

Na hayo mafua usiyapuuze, mi ndo ningeanzia hapo. Fila nyingi ni asidi ya haialuroniki, kitu ambacho mwili unacho tayari, ila hii ya kwenye sindano imefungwa kwa kemikali ili isiyeyuke haraka, sasa inavovunjika taratibu vile vipande vinaweza kuishtua kinga ya mwili, na kinga ikiwa imeshapanda kwa ajili ya mafua au sinasi au jino bovu inageukia na fila ambayo ilikua imeiacha tu. Ndo maana mwishoni mwa 2020 kwenye majaribio ya chanjo ya korona ya Moderna kuna watu wachache wenye fila walivimba uso baada ya kuchanjwa, na walipona, kwahiyo hiyo sio sababu ya kukimbia chanjo.

Ila hicho kinundu kinachouma upande mmoja kinanipa wasiwasi wa kitu kingine, bakteria. Wanaweza kuingia na sindano wakajijengea utando juu ya fila wakakaa kimya muda mrefu, au wakatokea mdomoni baada ya kung'oa au kusafisha meno. Angalia kama pana joto, panapwita, kuna usaha au homa (kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, mara nyingi hauonekani vizuri, gusa).

Kwahiyo kuyeyusha, bado kwanza. Kile kimeng'enya cha kuyeyushia (dawa ya sindano inayovunja fila ya haialuroniki) kikichomwa sehemu yenye maambukizi ambayo hayajatibiwa kinaweza kuyasambaza, na vidonge vya steroidi ukijinunulia mwenyewe vinashusha uvimbe huku bakteria wanaendelea. Daktari akiona dalili za maambukizi kwa kawaida anaanza na antibayotiki, akishajiridhisha kwamba ni kinga tu ndo steroidi kwa muda mfupi au kuyeyusha vinafata. Barafu itakutuliza kidogo, haitibu. Na usikiminye wala kukikanda hicho kinundu!

Mdai aliyekuchoma jina la fila na namba iliyoko kwenye stika ya boksi, ni haki yako. Kama aliweka silikoni, kimeng'enya hakiiyeyushi kabisa, na silikoni inaweza kutoa vinundu vigumu hata baada ya miaka. Mwambie daktari pia dawa zote unazomeza, dawa za presha kama enalapril na lisinopril zinaweza kuvimbisha midomo kwa mtu ambae hata fila hana, na malengelenge ya hepesi nayo yanavimbisha.

Nenda leo au kesho, usisubiri wiki. Ulimi ukianza kuvimba, sauti ikibadilika au pumzi ikawa nzito, hapo ni emajensi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Na asikuongezee fila nyingine "kusawazisha" mpaka uvimbe uishe kabisa na sababu ijulikane.