Klachi inazama hadi chini, gia haziingii: nibadilishe diski?

SWALI: Fundi, gari langu ni la gia za mkono. Kwa wiki mbili sasa, asubuhi nikikanyaga klachi pedali inazama hadi chini, gia ya kwanza inagoma na rivasi inakwaruza. Nikipampu mara tatu nne, inakaa sawa kwa muda. Mafuta kwenye kopo yamepungua mara mbili, nikaongeza. Fundi aliyeliona anasema nibadilishe diski na prasha pleti, lile bamba linaloibana. Nifanye hivyo?

JIBU: Usinunue diski bado, ndugu yangu. Diski iliyokwisha huteleza: unakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliongezi mwendo, hasa mlimani. Ya kwako haitelezi, inakataa kuachia. Tena inarudi ukipampu, na kupampu hakuwezi kuponya diski. Shida iko kwenye mafuta yanayosukuma klachi.

Ukikanyaga pedali, silinda ya juu, ile masta, inasukuma mafuta kwenye paipu mpaka silinda ya chini, yaani sleva, ambayo nayo inasukuma uma wa klachi. Mafuta hayabanikiki, hewa inabanika. Kipovu kidogo tu kikiingia, sehemu ya mkanyago wako inaishia kukibana badala ya kufika kwenye uma.

Kilichonishtua zaidi kwenye maelezo yako ni kuongeza mafuta mara mbili. Haya hayaungui kama ya injini, yakipungua, yanavuja. Kama kopo ni la pamoja na breki, kiwango hushuka kidogo pedi zinavyolika, lakini hiyo ni kazi ya miezi. Na kama ni la pamoja kweli, usiendelee kuongeza na kuondoka. Shughulikia wiki hii.

Anzia ndani ya gari. Papasa pale fito ya pedali inapoingia ukutani, na zulia lililo chini yake. Pakiwa na unyevu, masta imechoka. Kisha nenda kwenye sleva, funua raba yake ya kuzuia vumbi. Ikichuruzika mafuta, umempata mhalifu. Magari mengine sleva imezunguka shafti ndani ya giaboksi, haionekani. Hapo tazama chini, injini inapokutana na giaboksi. Tone likidondoka, lijaribu kwa maji: mafuta ya breki ya kawaida yanachanganyika na maji na kuondoka, oili ya injini inang'ang'ania.

Ukikuta pakavu kote, masta inaweza kuwa inavuja kwa ndani, mafuta yakizipita raba na kurudi kwenye kopo. Egesha tambarare pasipo na mtu mbele, washa injini, ingiza gia, shikilia klachi chini na mguu mwingine kwenye breki. Subiri dakika moja. Injini ikianza kulemewa bila wewe kuinua mguu, masta haishikilii presha, au kuna uvujaji hukuuona. Kutenganisha, bana ule mpira laini wa kwenda kwenye sleva kwa kibanio chake maalumu, koleo litauchana. Pedali ikiwa ngumu na kubaki juu, masta ni nzima, kosa litafute chini, kwenye sleva.

Kuna kipimo kimoja kinachomtetea fundi wako. Mtu akanyage, wewe utazame fito ya sleva. Ikitoka yote na kubaki hapo, lakini gia bado zinakwaruza, basi haidroliki, yaani mfumo huu wa mafuta, haina kosa na prasha pleti au beringi ndiyo ya kukaguliwa. Bila kipimo hiki, kushusha giaboksi ni kubahatisha.

Kuhusu raba za kubadilisha peke yake: ukuta wa silinda ukiwa na mikwaruzo au kutu, raba mpya zitaliwa upesi. Mimi hubadilisha silinda nzima. Kama sleva iko ndani ya giaboksi, hapo ndipo diski nayo ikaguliwe, maana kazi kubwa ya kushusha imeshafanyika.

Soma kifuniko cha kopo kabla ya kujaza. Magari mengi yanataka mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4. Machache hutumia mafuta ya madini, na hayo hayachanganywi. Usiweke oili ya injini wala ya usukani kwenye mfumo wa DOT, raba zitavimba. Mafuta yakiwa meusi, yatoe yote.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta, kunahitaji watu wawili. Visha mpira kwenye nati ya kutolea hewa ya sleva, ncha izame kwenye chupa yenye mafuta safi. Msaidizi akanyage taratibu na kushikilia. Fungua, mapovu yatoke, funga, ndipo aachie. Rudieni mpaka yasionekane tena, huku kopo likijazwa kila mara, kwani likikauka mmevuta hewa upya. Mafuta yakimwagikia rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo.

Mwisho, pedali iwe na mchezo kidogo, yaani nafasi tupu, kabla ya kugusa masta, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Usipokuwepo, njia ya kurudishia mafuta inabaki imezibwa, presha haishuki, na hapo diski nzima itaanza kuteleza kweli.