Kabla ya kuandika barua ya kujieleza, kaangalie rafu

Mgonjwa akichomwa dawa isiyo yake, hospitali nyingi huanza kwa kumsaka mtu. Nani alikuwa zamu? Nani aliivuta ile sindano? Kesho yake muuguzi anapewa barua ya kujieleza, anaijibu, jalada linafungwa. Mimi ni mfamasia wa hospitali, na nimekaa kwenye vikao hivyo vya kutosha. Kinachobaki baada yake ni daftari la matukio jeupe kabisa. Si kwamba makosa yamekwisha, ila watu wamejifunza kunyamaza.

Chukua asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua apewe dawa hii ndani ya saa 3, kwa njia ya mshipa. Ni dawa inayookoa maisha. Lakini kwenye chumba cha upasuaji inaweza kukaa jirani na bupivakeini, ile ganzi ya mgongoni, na kuna ampuli, yaani vichupa vya dawa ya sindano, za dawa hizi mbili zinazofanana mno. Asidi hiyo ikichomwa mgongoni kimakosa, mama hupata degedege lisilotulizika, na karibu nusu ya waliopatwa na hayo hufariki. Shirika hilo lilitoa tahadhari Machi 2022: dawa hiyo itunzwe mbali na dawa za ganzi, ikiwezekana nje ya chumba cha upasuaji kabisa. Sasa niambie, barua ya kujieleza ingeihamisha vipi ile ampuli?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: tafuteni makosa yaliyonaswa kabla ya kumfikia mgonjwa. Hayo ndiyo mengi, na watu huyasimulia bila hofu kubwa. Muuguzi mmoja aliniambia tukiwa tunapiga soga tu kwamba nusura avute kloridi ya potasiamu, ambayo ikichomwa bila kuzimuliwa inaweza kusimamisha moyo, akidhani ni maji ya kuchanganyia dawa. Asingeandika popote. Kwa maneno yake yale tuliondoa potasiamu kali kwenye makabati ya wodi za kawaida, ikawa inatolewa famasi kwa maombi.

Fomu ya kuripoti makosa iwe nusu ukurasa, na jina la anayeripoti lisiwe lazima. Ila fomu peke yake haitoshi. Mfamasia aende wodini wakati wa kukabidhiana zamu aulize, "Jana ni dawa gani iliwachanganya?" Kisha arudi kusema kilichobadilika, hata kama ni kidogo. Mtu akiripoti mara mbili asisikie lolote, ya tatu hutaipata.

Maandishi yetu nayo yana hatia yake. Andika "yuniti" kwa kirefu kwenye insulini, maana herufi U ikiandikwa haraka husomeka sifuri, na 4 ikawa 40. Andika 0.5, usianze na nukta. Andika 5, si 5.0, maana nukta isipoonekana dozi husomeka mara kumi. Kwa mtoto, uzito uandikwe kando ya dozi ili anayetoa dawa aweze kupiga hesabu upya. Madaktari wengine hukasirika wakipigiwa simu kuulizwa dozi. Wapigieni tu.

Sisemi nidhamu ifutwe. Anayekuja kazini amelewa, au anayeiba dawa na kujaza rekodi za uongo, huyo ana njia yake ya kisheria. Lakini muuguzi aliye peke yake usiku na wodi iliyofurika, akishika ampuli iliyofanana na ya jirani yake, hatuwezi kumweka kapu moja na huyo.

Na shehena ikija kutoka kwa mtengenezaji mwingine, rangi na lebo hubadilika bila taarifa. Sisi huweka ampuli ya zamani na mpya pamoja, tunapiga picha, tunaituma kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa wodi kabla boksi halijafunguliwa. Hakuna bajeti inayohitajika hapo.